Mwili Uende, Roho Ibaki

Tarehe 22 Oktoba 1966, mamia ya wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, waliandamana jijini Dar es Salaam hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya kisomi. Walikuwa na shauri moja. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila msomi anayehitimu aende Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na muda uliobaki kazini kwake, akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi hawakutaka.

Rais Julius Nyerere aliwasikiliza. Msemaji wao alisoma tamko lililowekwa wazi mbele ya mawaziri: kama masharti hayabadiliki, na kama viongozi hawabadilishi wanavyowatazama wasomi, basi watakwenda kambini kwa miili tu. Roho zao zingebaki nje.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi. Mwalimu Nyerere alighadhibika. Alisema kuhusu mishahara, wa kwake ukiwa wa kwanza, akatangaza kuukata kwa asilimia 20 palepale. Kisha akawaambia warudi makwao, na kweli wakarudishwa. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa. Miezi mitatu baadaye likaja Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa. Katika vumbi la siku ile watu hukumbuka mshahara uliokatwa na vijana waliorudishwa makwao, lakini ile kauli ya wanafunzi ilikuwa na uzito wake. Ilikuwa imemwambia Rais kitu ambacho kila mzazi, mwalimu na kiongozi wa dini hukijua usiku akilala: mwili wa mtu unaweza kuuamuru. Roho je?

Kiswahili kina neno la kawaida kabisa kwa jambo hili. Mtu akionywa na asibadilike, tunasema maneno hayamwingii. Akibadilika, tunasema yamemwingia. Hatusemi ameyameza wala ameyakariri. Yameingia, kana kwamba mtu ni nyumba, na neno limebisha hodi, likakaribishwa, likakaa, mpaka siku moja hata mwenye nyumba hakumbuki lilifika lini. Swali ni moja tu: huingiaje?

Mwezi wa Ramadhani, saa saba mchana, jua limekaa utosini. Mtoto wa miaka kumi anafunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Mwaka uliopita alikuwa akifunga mpaka adhuhuri, kisha anapewa uji. Anakwenda bombani kutawadha. Anakinga maji kwa kiganja, anayatia kinywani asukutue. Hapo, kwa nukta mbili tatu, saumu yake yote imo mdomoni. Akimeza hakuna atakayejua. Mama yuko jikoni anachambua tambi, mwalimu wa madrasa yuko mtaa wa tatu. Mtoto anayatema. Kisha anatema tena mate matupu, mara mbili, akihofia tone limebaki.

Kwa nini ameyatema? Labda anamwogopa Mungu. Labda anataka jioni awaambie wenzake kwamba yeye kafunga kutwa. Labda anaogopa macho ya mama, ingawa mama hayupo. Labda saumu imekwisha kuwa yake, kama jina lake lilivyo lake. Ukimuuliza, atakwambia hajui, na huenda huo ndio ukweli. Kwa nje tendo ni lile lile. Tofauti zote zimo ndani, na wanasaikolojia wamekuwa wakizitafuta kwa zaidi ya miaka 70.

Mmoja wao alikuwa Herbert Kelman. Alizaliwa Vienna mwaka 1927 katika familia ya Kiyahudi, akakimbia utotoni baada ya Wanazi kuichukua Austria. Si ajabu mtu wa historia hiyo aje kuuliza watu wanapobadilika hubadilika kweli au hubadilika midomo. Majira ya kuchipua ya mwaka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ikiwa karibu kutoa hukumu dhidi ya ubaguzi wa rangi mashuleni, Kelman aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kimoja cha Wamarekani weusi mahojiano yaliyorekodiwa. Mzungumzaji alitetea hoja ambayo wengi wao hawakuipenda, kuhusu hatima ya vyuo vya weusi ubaguzi ukiisha. Maneno yalikuwa karibu yale yale kwa kila kundi. Kilichobadilishwa ni nani anayezungumza. Kundi moja liliambiwa ni mtu mwenye uwezo juu ya fedha za chuo. Jingine liliambiwa ni kijana mwenzao wa kuvutia, anayesemea vijana. Jingine liliambiwa ni mtaalamu anayelijua jambo lenyewe.

Wote waliyumbishwa, lakini kila kundi kwa namna yake. Waliomsikia mwenye fedha walikubali pale walipojua majibu yao yatamfikia. Walipojaza fomu zisizo na majina, kukubali kule kukayeyuka. Waliomsikia kijana wa kuvutia waliendelea kukubali kadiri uhusiano wao naye ulivyokuwa bado unakumbukwa. Waliomsikia mtaalamu walikuwa bado wanakubali wiki moja au mbili baadaye, bila mtu kuwatazama na bila kukumbushwa. Katika makala aliyoyachapa mwaka 1958, Kelman aliyatenga mambo matatu ambayo tangu hapo hayajaachana na vitabu vya saikolojia: kutii, kujinasibisha na mtu, na lile la tatu, ambalo sisi tunaliita kuingiwa.

Ni mpango mzuri, pengine mzuri mno. Katika maisha mambo hayo matatu hayapangi foleni namna hiyo. Mtoto wa Kiswahili huanza kusema shikamoo kwa kubanwa bega. Mgeni ameingia, mtoto amejificha nyuma ya kanga ya mama, na mama anamsukuma mbele: "Haya, mwamkie babu." Shikamoo inatoka kama mwiba. Hakuna heshima ndani yake; kuna bega lililobanwa tu. Lakini mwaka huo huo, ukipita uani kimya, utamkuta mtoto yule yule amewapanga wanasesere wake wa matambara, na mmoja amekosea. "We! Husemi shikamoo? Umefundishwa na nani?" Sauti ni ya mama yake, hata mkono umeshika kiuno kama wa mama.

Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, aliyatazama sana mazungumzo hayo ya mtoto na nafsi yake. Wengine waliyaona ni utoto utakaopita. Yeye aliona kwamba kila kitu cha juu katika akili ya mtu hutokea kwanza baina ya watu, kisha hutokea ndani ya mtu. Kwanza mama humwambia mtoto. Kisha mtoto hujiambia kwa sauti. Kisha sauti hufifia, ikawa mnong'ono, ikawa kimya, na kimya hicho ndicho baadaye mtu mzima hukiita dhamiri yangu. Kwa hesabu hiyo bega lililobanwa si bure. Ni hodi. Lakini si kila hodi hufunguliwa, na hapo ndipo utafiti unapoanza kuwaudhi wazazi.

Mwaka 1965 Jonathan Freedman alichapisha jaribio alilolifanya na wavulana wadogo wa shule za msingi California. Kila mmoja aliingia chumbani akaoneshwa vichezeo vitano, vinne vya ovyo na kimoja cha kutia uchu: roboti la betri. Aliambiwa asiliguse roboti. Wengine walitishwa vikali, kwamba wakiligusa mtu mzima atakasirika sana na kuna jambo litawapata. Wengine waliambiwa kwa upole tu kwamba kulichezea si vizuri. Mtu mzima akatoka kwa dakika chache. Karibu watoto wote, wa vitisho na wa upole, hawakuligusa. Mzazi wa kawaida angeishia hapo na kusema dawa zote mbili zinatibu.

Freedman alisubiri. Wiki kadhaa baadaye alikuja mtu mwingine kabisa, kwa shughuli nyingine, na roboti likawa pale pale. Safari hii watoto waliambiwa wako huru kuchezea chochote. Miongoni mwa waliotishwa vikali, theluthi mbili walilirukia. Miongoni mwa walioambiwa kwa upole, chini ya theluthi moja. Maelezo ya watafiti ni mepesi. Mtoto aliyetishwa ana jibu tayari akijiuliza kwa nini hakuligusa: niliogopa. Tishio likiondoka, sababu nayo imeondoka. Aliyeambiwa kwa upole hakupewa sababu ya kutosha, kwa hiyo ilimbidi aitafute mwenyewe, na ile aliyoipata ilikuwa yake.

Angalia lakini kwamba walioambiwa kwa upole nao walikatazwa. Wapo wanaolisoma jaribio hili kana kwamba linasema mtoto aachwe afanye atakavyo. Halisemi hivyo. Linasema katazo likiwa zito kupita linavyohitajika, linaziba mlango lililokuja kuufungua.

Zawadi nazo hufanya hivyo hivyo. Mwaka 1973 watafiti watatu, Mark Lepper akiwa mmoja wao, waliwachukua watoto wa chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford waliopenda sana kuchora, wakawaahidi baadhi yao cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Walichora, wakapata. Siku zilizofuata, vifaa vilipowekwa mezani bila cheti, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kuchora kulikuwa raha, kukageuzwa kibarua.

Na faini? Katika shule kumi za watoto wadogo mjini Haifa, Israeli, wazazi walikuwa na tabia ya kuchelewa kuwafuata watoto jioni. Gneezy na Rustichini, wachumi wawili, walizishauri shule sita kati yake zianze kuwatoza faini ndogo wachelewaji. Matokeo yao, waliyoyachapa mwaka 2000, yamekuwa kama hadithi ya kutishia watunga sheria: kuchelewa kuliongezeka, mpaka kukakaribia maradufu. Faini ilipoondolewa, kuchelewa hakukupungua. Kabla ya hapo mzazi alikuwa akimwonea haya mwalimu aliyebaki peke yake na mtoto wake. Baada ya hapo alikuwa akinunua nusu saa. Haya ilikuwa imeuzwa, na ilikuwa vigumu kuirudisha dukani.

Mfano wenye uzito zaidi uko Kongo. Mwanzoni mwa karne ya 17, katika nchi ya Kasai, mtu aitwaye Shyaam aliunganisha makundi yaliyokuwa yametawanyika akaasisi ufalme wa Kuba. Ulikuwa dola kamili: mji mkuu, kodi, polisi, na mahakama ambamo watu walioteuliwa waliketi pamoja kusikiliza shauri na kuamua. Majirani zake, kama Walele wa ng'ambo ya mto, walikuwa watu wenye asili ya karibu na mila za karibu, ila hawakuwa na dola ya namna hiyo. Ukiulizwa wajukuu wa nani leo watakuwa waaminifu zaidi kwa sheria, wengi tungesema wa Kuba. Wamelelewa karne tatu chini ya hakimu.

Sara Lowes na wenzake watatu walikwenda Kananga, mji ambamo watu wa makundi hayo wanaishi pamoja, wakawapa kete na fedha. Kila mmoja aliicheza peke yake, bila jicho la mtu. Kete ndiyo ilikuwa iamue fedha ziende kwake au kwa mwingine. Hakuna njia ya kujua fulani kadanganya. Lakini ukijumlisha marusho mengi, bahati ina hesabu yake, na anayeizidi bahati kila mara ameisaidia kidogo. Waliotoka katika ukoo wa dola ya Kuba ndio waliodanganya zaidi. Watafiti hao, katika makala ya mwaka 2017, walitoa maelezo yanayofaa kufikiriwa polepole: pale ambapo mahakama na polisi wanaifanya kazi ya kuwanyoosha watu, wazazi hupunguza kazi ya kuwafunda watoto. Ng'ambo ya mto, ambako hapakuwa na polisi wa kumkimbilia, kila mama alilazimika kumweka polisi ndani ya mtoto.

Hiyo ni tafsiri, na mto mmoja na ufalme mmoja havitoshi kumaliza ubishi. Hata hivyo inagonga palepale alipogonga Freedman na lile roboti lake.

Basi, kama vitisho, zawadi na faini hukaa nje ya nyumba, ni nini kinachoingia? Jibu moja zuri limetoka Oyugis, magharibi mwa Kenya, na halikutokana na mahubiri ya mtu yeyote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Carol Ember alikaa na familia za Wajaluo huko. Kazi za watoto ziligawanywa kama wengi wetu tunavyozijua: wasichana maji, kuni, kupika, kubeba mtoto, wavulana mifugo. Lakini uzazi haugawi kwa mgao huo. Kulikuwa na nyumba zenye wavulana watupu, au dada mkubwa ameolewa na aliyebaki ni mchanga. Mama hawezi kungoja. Anamwita mwanawe: shika mtoto, kateke maji, angalia chungu.

Ember aliwatazama wavulana hao nje ya saa za kazi, wakiwa wanacheza na kuzozana kama watoto wengine. Wale waliozoea kazi za ndani ya nyumba, hasa kulea, walikuwa na ubabe mdogo kuliko wavulana wenzao na walisaidia zaidi. Upole ulikuwa umetoka jikoni ukawafuata mpaka uwanjani. Hakuna mama wa Oyugis aliyekaa chini akasema namfunda mwanangu huruma. Alichotaka ni maji. Lakini ukikibeba kitoto kinacholia kila jioni, huna budi kujifunza kusoma kilio: hiki cha njaa, hiki cha usingizi. Sikio hilo likishafunguka halifungwi mtu akiingia kucheza mpira wa makaratasi.

Kabla yake, John na Beatrice Whiting walikuwa wameratibu utafiti mkubwa wa watoto katika jamii sita, mojawapo Nyansongo katika nchi ya Wakisii, nyingine Okinawa, na nyingine mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Marekani. Watoto wa Nyansongo walikuwa na kazi nyingi kuliko wote: kuchunga, kutafuta kuni, kulea wadogo, kusaidia shambani. Walikuwa pia miongoni mwa wanaojali zaidi wenzao. Wale wa mji wa Marekani, waliokuwa na vichezeo vingi na kazi chache ambazo nyumba ingeweza kwenda bila hizo, walikuwa upande wa pili: walitafuta zaidi kusaidiwa na kutazamwa. Wahenga wetu walisema mazoea hujenga tabia, na kwa kweli walikuwa na ushahidi mwingi kuliko walivyojua.

Lakini kuna kuingia nusu, na hapa inafaa kutua. Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi pamoja Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wameitumia karibu nusu karne kueleza kwamba amri ikitoka nje si lazima ifike moyoni. Mara nyingi husimama ukumbini. Askari aliyekuwa barabarani amehamia ndani, lakini bado ni askari. Mtu huyo hafanyi jambo kwa kuogopa bakora tena. Analifanya kwa kuogopa kujiona mbaya. Atatoa sadaka akiwa na kisirani, atamtembelea shangazi mgonjwa huku anatazama saa. Mwaka 1993 Ryan na wenzake waliwachunguza waumini Wakristo wakakuta tofauti hiyo kanisani: wanaosali kwa sababu wanaiona ibada kuwa na thamani kwao walikuwa na utulivu zaidi wa nafsi, na wanaosali kwa hatia na kwa macho ya watu walikuwa na wasiwasi zaidi. Benchi moja, wimbo mmoja, mambo mawili tofauti. Yule mtoto wa bombani, anayetema mate mara mbili, huenda bado yuko ukumbini. Ana miaka kumi, safari bado.

Turudi basi Dar es Salaam. Tanzania ya miaka ile ilitaka kuwatia watu mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja, chini ya kiongozi mmoja, na matokeo hayakufanana hata kidogo. Jambo la kwanza ni kulima kwa ujamaa. Jambo la pili ni kuwa Watanzania kabla ya kuwa Wagogo, Wahaya au Wamakonde.

Kuhusu la kwanza, Nyerere mwenyewe alikuwa ameonya. Katika andiko lake la mwaka 1968, Uhuru na Maendeleo, alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa. Huweza tu kujiendeleza, na kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa amri. Miaka mitano baadaye subira ilikwisha. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni agizo, na chama tawala, TANU, kikaweka mwisho wa mwaka 1976 kuwa ukomo. Mamilioni ya watu walihamishwa katika operesheni vijiji, baadhi kwa hiari, wengi kwa malori, na sehemu nyingine nyumba zilibomolewa ili wenyewe wasirudi. Miili ikafika vijijini. Shamba la pamoja likabaki kuwa mahali pa kutimiza siku, palizi ikipita juu juu, huku shamba la nyumbani likipaliliwa mpaka kwenye mipaka. Amri ilipolegea, mashamba ya pamoja yaliondoka kama maji kwenye mchanga. Lakini vijiji vyenyewe, pamoja na shule na zahanati zake, vilibaki.

La pili lilikwenda kwa njia nyingine, na halikuwa na operesheni. Kuanzia 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Swali la kabila, lililoulizwa katika sensa ya mwaka huo huo, halikuulizwa tena. Mtoto aliyefaulu kwenda sekondari alipangiwa mkoa wa mbali: Mnyakyusa akajikuta Tabora, Mhaya akajikuta Lindi, analala kitanda cha juu na Mzaramo analala cha chini. Kambini JKT waliamshwa alfajiri na filimbi, wakakimbia mchakamchaka, wakaimba, wakalima, wakala ugali wa sinia moja. Walioitwa vijana wa mujibu wa sheria walinung'unika na wakatania kwa pamoja, kwa lugha moja, na mnung'uniko huo wa pamoja pengine ulijenga taifa kuliko hotuba. Watu walitaniana kwa makabila badala ya kupigana kwa makabila. Neno "ndugu" likapachikwa kwenye kila jina.

Edward Miguel, mchumi Mmarekani, alipata nafasi ya kulipima jambo hilo. Alizilinganisha wilaya mbili za vijijini: Busia, Kenya, na Meatu, Tanzania. Swali lake halikuwa watu wanasema nini kuhusu umoja, maana kila mtu husema vizuri. Aliangalia michango ya shule, madawati, vyumba vya madarasa. Busia, pale ambapo makabila yamechanganyika, shule zilichangiwa fedha kidogo kuliko pale ambapo kabila ni moja. Watu hawakupenda kutoa kwa ajili ya watoto wa wengine. Meatu mchanganyiko haukuleta upungufu huo. Makala yake ilitoka mwaka 2004, karibu miaka 40 tangu Azimio, wakati ujamaa wa mashamba ulikuwa umekwisha kuwa kumbukumbu. Waliotoa mchango wa dawati hawakuwa wamesimamiwa na mtu.

Kuna la kusema upande wa pili. Tanzania haina kabila moja kubwa la kuyameza mengine, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusafiri bara na misafara ya biashara muda mrefu kabla ya TANU. Udongo ulikuwa laini. Lakini udongo ulikuwa laini vile vile kwa kilimo cha kusaidiana, ambacho vijiji vingi vilikuwa nacho tangu zamani, na bado mbegu hiyo haikuota. Tofauti inaonekana katika namna zilivyopandwa. Moja ililetwa na lori. Nyingine iliishi katika salamu, katika bweni, katika mtani anayekudai mbuzi msibani, mpaka ikawa hakuna siku mtu aliyoikubali.

Wanafunzi wa 1966, tukiwarudia, wengi walipokewa tena chuoni mwaka uliofuata. JKT yenyewe ilisitisha kuwachukua wahitimu mwaka 1994, ikawaita tena vijana wa kidato cha sita kuanzia 2013.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba upole hushinda na ukali hushindwa. Utafiti mmoja wa Kameruni unakataa. Zipo habari nyingi za lile jaribio la peremende lililoanzishwa Stanford na Walter Mischel: mtoto anawekewa kitamu mbele yake, anaambiwa akingoja atapata viwili. Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao walilifanya kwa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa jamii ya Wanso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni. Mama wa Kijerumani humuuliza mtoto anataka nini, humsifu, humwachia nafasi ya kuchagua. Mama wa Kinso hamuulizi. Humwonesha, humtuma, humtarajia atulie, asilie ovyo, amheshimu mkubwa. Kwa msomaji wa Freedman huyo ndiye mama wa vitisho.

Ila si yeye. Hatishi kwa roboti na kuondoka chumbani. Tangu mtoto anazaliwa yuko mgongoni mwake, halafu mgongoni mwa dada, halafu shambani karibu naye, na kila anachodai kwa mtoto anakidai kwa kila mtu ndani ya nyumba, yeye mwenyewe akiwemo. Matokeo yalitofautiana sana. Watoto wa Kijerumani walioweza kungoja dakika zote kumi walikuwa kama asilimia 28. Wa Kinso walikuwa karibu 70.

Video zinaonesha jinsi walivyongoja. Watoto wa Kijerumani walihangaika: waliimba, waliongea peke yao, waligeuka upande wa pili, wakatoka kwenye kiti. Walikuwa wanapigana vita. Mbele ya watoto wa Kinso kulikuwa na andazi dogo la mviringo lililokaangwa kwenye mafuta, ambalo mtu wa pwani angeliita kalimati. Walikaa. Hawakuonekana kupigana na chochote. Baadhi yao walisinzia kwenye kiti, kalimati ikiwa mbele yao.